Namna ya Kuchagua Mgahawa wa Kawaida na Kula Bila Kujuta

Mtu anayekula nje kila siku ya kazi, awe kwa mama lishe, kwenye kibanda cha chipsi au katika hoteli ndogo iliyo karibu na stendi, hukusanya kumbukumbu za aina mbili. Ipo milo inayomfanya arudi hata kama ni lazima apande daladala mbili, na ipo ile inayomlaza kitandani au kumwacha na kinyongo juu ya fedha yake. Wengi huamini kwamba tofauti ya milo hiyo ni bahati tu. Kwa maoni yangu bahati ina sehemu ndogo sana. Jambo kubwa ni muda uliopita tangu chakula kilipoepuliwa hadi kilipowekwa mbele yako, na jambo la pili ni iwapo muuzaji yuko tayari kukuambia ukweli kuhusu muda huo. Yote mawili yanaweza kutambuliwa kabla hujavuta kiti, na maelezo yanayofuata yanaonyesha jinsi ya kuyatambua.

Jua saa za jiko

Kila mgahawa una saa yake ya kuepua. Jijini Dar es Salaam, mama lishe wengi wanaohudumia mafundi na wafanyakazi wa ofisini huepua wali, maharage na mboga kati ya saa tano na saa sita mchana. Anayefika saa sita na nusu anakula chakula kilichotoka motoni muda si mrefu, na anayefika saa kumi anakula kilichobaki baada ya kushinda kimefunikwa katika joto la mji huo. Kwa hiyo, ukiwa mgeni katika mtaa, usiulize kwanza ni wapi panapopikwa vizuri. Uliza wanaepua saa ngapi, kisha panga njaa yako iendane na jibu hilo.

Supu ya ng'ombe, ya makongoro au ya utumbo ni chakula cha asubuhi. Huchemka tangu alfajiri na hukaa juu ya moto muda wote wa mauzo, kwa hiyo kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi, pamoja na chapati iliyotoka kwenye kikaango, ni miongoni mwa milo salama zaidi inayopatikana mtaani. Supu hiyohiyo ikizimiwa moto saa tano na kuwashiwa tena jioni haistahili kuaminiwa. Mombasa, mahamri na mbaazi za nazi ni vya asubuhi, na viazi karai ni vya jioni. Pilau katika migahawa mingi hupikwa Ijumaa, na anayeagiza pilau Jumamosi asubuhi ana haki ya kuuliza ilipikwa lini. Katika mwezi wa Ramadhani saa zote hizi hugeuka. Zanzibar na sehemu nyingi za pwani, migahawa hufunga mchana, na vyakula hutoka motoni kuelekea magharibi. Msimu huo ndio ninaoupenda kuliko mingine kwa mtu anayetaka kula nje, kwa sababu karibu kila kinachouzwa saa ya kufuturu kimepikwa alasiri ileile, na hakuna anayetaka kubaki na sufuria iliyojaa.

Vyakula vya nazi vinahitaji uangalifu wa pekee. Tui huchacha upesi katika joto, hivyo wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kupaka vinapaswa kuliwa mapema. Povu dogo linalotokea juu ya mchuzi usiochemka, au uchachu unaohisiwa nyuma ya ulimi, ni sababu ya kutosha ya kusukuma sahani kando bila kusubiri kijiko cha pili.

Wali nao una hatari ambayo wengi hawaifahamu, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kiporo kikipashwa moto vizuri kimekuwa salama. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa kwa kawaida. Wali ukiachwa upoe polepole ndani ya sufuria kubwa, mbegu huamka na bakteria huzaliana, na baadhi yao huacha sumu ambayo haiharibiki hata wali ukipashwa mpaka ukatoa mvuke. Aliyeula huanza kutapika baada ya muda wa nusu saa hadi saa sita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwekwe katika joto linalozidi nyuzi 60. Mteja hatembei na kipimajoto, lakini ana macho. Mfuniko wa sufuria au wa hotipoti unapoinuliwa, mvuke uonekane ukipanda, na sahani inapofika mbele yako, wali wa katikati uwe wa moto sawasawa na ule wa pembeni. Wali uliopoa na kumwagiwa mchuzi wa moto juu yake hujidhihirisha katika tonge la kwanza.

Pita polepole kabla ya kukaa

Ukifika mahali usipopajua, pita kwanza mbele yake polepole. Tazama maji kabla ya kutazama chakula. Ndoo yenye bomba, sabuni kando yake na beseni la kupokelea maji machafu ni dalili kwamba mwenye mahali anajali, hata kama viti ni mabenchi na paa ni turubai. Bakuli moja linalozungushwa mezani ili wateja watano wachovye vidole ndani yake ni dalili ya kinyume, hata kama ukutani kuna televisheni kubwa na meza zina vitambaa. Tazama pia vyombo vinakooshewa. Panapaswa kuwa na beseni la kuoshea na lingine la kusuuzia, na maji ya kusuuzia yawe yanabadilishwa. Maji yakishakuwa na rangi ya mchuzi, sahani zote zinazotoka humo zimeoshwa kwa jina tu.

Kisha tazama mikono. Anayepokea noti asiwe ndiye anayeshika chapati kwa vidole vilevile, na iwapo ni mtu mmoja anayefanya yote, awe na koleo, uma au upawa wa kuchotea. Nyama mbichi isikatwe juu ya ubao uleule unaokatiwa nyanya na vitunguu vya kachumbari. Chakula kilichoiva kiwe kimefunikwa kwa kawa, kwa mfuniko au kwa wavu, kwa sababu nzi anayetua juu ya samaki wa kukaanga ametoka mahali ambapo hungependa kupajua.

Watu wengi hushauri kwamba ufuate foleni, na ushauri huo ni mzuri kwa sababu moja: mahali penye wateja wengi sufuria huisha haraka, na chakula hakipati muda wa kuharibika. Hata hivyo foleni inaweza kuwa imeletwa na bei pekee. Kinachonishawishi zaidi ni kuona watu wale wale wakirudi, mfano walimu wa shule ya jirani, madereva wa bodaboda wa kijiwe kilicho karibu, au mafundi wa gereji iliyo mkabala. Hao hawawezi kumudu kuumwa tumbo siku ya kazi, na mahali palipowahi kuwaumiza hawaonekani tena.

Kachumbari, juisi na barafu vinapaswa kufikiriwa peke yake, kwa kuwa havipitii moto. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, na ambao ulienea baadaye katika mikoa mingi ya Tanzania, ulitukumbusha kwamba maji yasiyo salama yanatosha kuharibu mlo uliopikwa kwa ustadi wote. Katika msimu wa mvua kubwa, au panapotangazwa ugonjwa wa kuharisha, ninaacha kachumbari na juisi ya jagi, nakula mboga zilizopikwa, na nakunywa chai, dafu lililopasuliwa mbele yangu au maji ya chupa ambayo nimeyafungua mwenyewe.

Uliza kwa namna inayomruhusu muuzaji kusema kweli

Swali la kawaida, yaani kuna chakula gani, huleta orodha nzima kwa sauti ya haraka, na orodha hiyo haina msaada wowote. Uliza badala yake ni kipi kimetoka jikoni sasa hivi. Mlo ninaoukumbuka kwa furaha kubwa ulianza kwa swali hilo, huko Ngamiani, Tanga, katika kibanda cha mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipika kwa mkaa, sufuria zake zimepangwa juu ya ubao na kila moja ina mfuniko wake. Nilimwamkia nikamwambia, "Shikamoo mama. Kipi kimetoka jikoni sasa hivi?" Alijibu, "Marahaba mwanangu. Maharage ndiyo nimeepua, na mchicha nauweka moto sasa. Samaki wapo, ila ni wa asubuhi, wameshapoa, sikushauri." Nilikula wali na maharage mazito ya nazi, mchicha ukafika baadaye ukiwa bado wa kijani, na juu yake aliongeza kipande cha ndimu na pilipili mbuzi iliyochanjwa bila kukatwa, ili ninuse harufu yake pasipo kuungua mdomo. Samaki wale walikuwa na bei kubwa kuliko maharage. Muuzaji anayekuzuia kununua kitu cha ghali kwa sababu kimepoa ameshakupa sababu zote za kurudi kwake.

Adabu ina kazi katika swali hili. Ukimwita mtu mzima "we mama" au ukipiga vidole ili mhudumu aje, utapewa jibu la kukuondoa. Salamu kamili, kisha "mama", "shangazi", "dada" au "kaka" kwa kadiri ya umri, humpa muuzaji nafasi ya kukushughulikia kama mgeni wake. Nairobi na Mombasa namna za kuitana zina tofauti kidogo, lakini kanuni haibadiliki.

Kwa samaki, uliza pia amevuliwa lini na amehifadhiwa wapi. Katika soko la Feri lililopo Magogoni, Dar es Salaam, na katika masoko mengine ya pwani, unaweza kumchagua samaki mzima na kumpeleka kwa wakaangaji. Macho yawe yametuna na kung'aa, matamvua yawe mekundu, na nyama irudi inapobonyezwa kwa kidole. Katika bustani ya Forodhani, Zanzibar, mishkaki ya samaki, pweza na kamba hupangwa vizuri sana chini ya taa, lakini mpangilio hauelezi chochote kuhusu siku waliyovuliwa. Chagua kipande kibichi kinachochomwa mbele yako kuliko kilichochomwa tayari na kusubiri kupashwa.

Samaki wa jamii ya jodari, nguru na vibua wana tatizo lao. Wasipowekwa kwenye barafu mapema baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya minofu yao, na hakuna kuchoma wala kukaanga kunakoiondoa. Katika mgahawa mmoja wa ufukweni mwenzangu aliletewa jodari wa kuchoma mwenye sura nzuri, na katika tonge la kwanza akasema anasikia ukali wa pilipili mdomoni. Mhudumu alisisitiza kwamba ni viungo vya mpishi. Haukupita muda uso na shingo vikamwiva, akaanza kujikuna na kulalamika kwamba moyo unamwenda mbio. Hiyo ndiyo sura halisi ya sumu ya histamini. Kwa kawaida hupungua ndani ya saa kadhaa, na dawa za mzio husaidia, lakini mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo au anayeshindwa kupumua vizuri apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Samaki aliyepikwa bila pilipili akikuwasha ulimi, mteme.

Chipsi, kuku na mafuta yaliyochoka

Kibanda cha chipsi huanza kupata wateja kuanzia saa kumi na moja jioni, na hapo jambo la kwanza la kutazama ni karai. Mafuta yaliyotumika mno huwa meusi, hutoa povu linalong'ang'ania juu, na hutoa moshi kabla viazi havijatiwa. Chipsi zilizokaangwa humo hunyonya mafuta, huwa laini na kuacha ladha ya uchungu kooni. Mafuta yenye rangi ya asali yanayochemka kwa mapovu madogo yanaashiria kwamba mwenye kibanda hubadilisha.

Vibanda vingi hukaanga viazi mara mbili, mara ya kwanza kwa kuviivisha na mara ya pili kwa kuvikausha mteja anapofika. Utaratibu huo si kosa, na ndio unaozipa chipsi ukavu wa nje na ulaini wa ndani. Kosa ni pale viazi vya awamu ya kwanza vinaposhinda kutwa ndani ya kabati la kioo lenye taa ndogo, vikisubiri awamu ya pili. Vivyo hivyo kuku. Paja lililokaangwa mchana likarudishwa kwenye mafuta kwa dakika mbili linakuwa la moto nje na la baridi ndani. Likifika mezani, lifungue kwenye kiungo kabla ya kulila. Majimaji yanayotoka yawe meupe yasiyo na damu, na nyama iachie mfupa bila kuvutwa. Ukikuta nyama ya pinki inayong'ang'ania mfupa, rudisha. Kwa chipsi mayai, yaani zege, mwombe mkaangaji ayaache mayai yakauke kote, na asiogope kuigeuza zege nzima. Sosi ya nyanya na mayonizi zilizomo katika chupa zisizo na jina, zilizoachwa juani tangu mchana, zinaweza kuachwa bila mlo kupoteza chochote. Ndimu, chumvi na pilipili vinatosha.

Nyama choma ya kuuzwa kwa kilo

Hapa ndipo malalamiko ya fedha huzaliwa zaidi, na karibu yote yangeepukwa kwa mazungumzo ya dakika moja buchani. Nyama choma, iwe ni Arusha, Dodoma au katika masoko yanayojulikana kwa kazi hiyo jijini Nairobi, kama Kenyatta Market na Burma, huuzwa kwa uzito wa nyama mbichi. Nyama inapochomwa hupoteza maji na mafuta, na uzito hupungua kwa kiasi kikubwa, wakati mwingine kwa robo au zaidi. Mteja aliyeagiza kilo moja akiwa mezani, bila kuiona mizani, huletewa sahani inayoonekana pungufu na kuanza kutuhumu, na mchomaji naye hukasirika kwa sababu hajamdhulumu. Nenda buchani mwenyewe. Chagua sehemu unayoitaka, mbavu au mguu, angalia mizani inaanzia sifuri, uliza mifupa imo kwa kiasi gani, na mkubaliane bei ya kilo kabla kisu hakijagusa nyama. Uliza pia iwapo ugali, ndizi na kachumbari vimo katika bei hiyo au vinalipiwa kando.

Baada ya hapo, subiri. Mbuzi anayechomwa kwa mkaa tulivu huhitaji dakika arobaini na tano hadi saa nzima, na anayekuletea baada ya dakika kumi amekuletea nyama iliyokuwa imechomwa kwa ajili ya mtu mwingine au iliyobaki. Mishkaki huiva upesi zaidi, na iliyo laini mara nyingi imelowekwa na papai bichi, jambo lisilo na ubaya wowote ilimradi nyama yenyewe haina harufu iliyofichwa kwa viungo vingi. Nyama nzuri ya mbuzi haihitaji zaidi ya chumvi, na mchomaji anayejiamini hukuletea chumvi peke yake katika kisahani kidogo, akukatie vipande juu ya ubao mbele yako, na kukuuliza kama uchomaji umekuridhisha kabla hajakata kipande cha pili.

Mgahawa wa njiani

Basi la masafa marefu likisimama kwa dakika ishirini, mahali kama Korogwe kwa wanaokwenda Moshi na Arusha, hali hubadilika kabisa, kwa kuwa hukuchagua mgahawa. Umechaguliwa na dereva. Chakula kimepikwa kabla ya basi kufika, kwa sababu hakuna anayeweza kupikia abiria sitini kwa mara moja. Kumbukumbu mbaya za wasafiri wengi zinatoka hapa. Katika kituo kimoja cha namna hii niliwahi kuona trei la kuku waliokaangwa likitolewa chini ya kaunta, likachovywa kwenye karai kwa muda wa kuhesabu, na kugawiwa abiria waliokuwa wakisukumana huku honi ikilia. Nyama ya ndani ilikuwa ya baridi.

Mahali kama hapo nunua kinachochemka au kilicho na ganda lake. Supu inayotokota, chai, mayai ya kuchemsha unayoyamenya mwenyewe, mahindi ya kuchoma, ndizi mbivu, machungwa na karanga vitakufikisha salama. Acha nyama na kuku vilivyopangwa tayari, acha saladi, na usikubali kukimbizwa hadi ukapokea sahani usiyoitazama. Ikiwa safari ni ya siku nzima, chakula kikavu ulichokibeba kutoka nyumbani ni bora kuliko chochote kinachouzwa kwa pupa.

Bei na malipo

Uliza bei kabla ya kuagiza, hasa ya samaki wanaouzwa kwa ukubwa, na uliza nyongeza ya mboga au mchuzi inalipiwa au la. Hakuna aibu katika swali hilo, na muuzaji mwaminifu hulijibu bila kubadilisha sura. Unapolipa kwa simu, iwe ni kwa lipa namba upande wa Tanzania au kwa namba ya till upande wa Kenya, soma jina linaloonekana kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri, na lilinganishe na jina lililobandikwa ukutani. Kama kuna tofauti, uliza. Migahawa iliyosajiliwa hutoa risiti ya mashine ya kielektroniki, na wito wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", unahusu sahani ya biriani sawasawa na bati la nyumba. Mama lishe wa kibandani kwa kawaida hana mashine hiyo, na ujumbe wa malipo kwenye simu yako unafanya kazi ya kumbukumbu.

Kulalamika kwa adabu na kwa wakati

Lalamiko lenye nguvu ni lile linalotolewa mapema. Ukigundua tatizo katika matonge ya kwanza, acha kula papo hapo, kwa kuwa aliyemaliza sahani nzima kisha akasema chakula kilikuwa kibovu hana atakayemsikiliza. Mwite mhudumu kwa sauti ya kawaida: "Dada, samahani, naomba uje uangalie hiki chakula." Mwonyeshe kitu chenyewe, iwe ni unywele, jiwe au nyama mbichi, halafu sema unachotaka kwa sentensi moja, yaani kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Usimpandishie sauti mhudumu mbele ya wateja. Yeye hakupika, na huenda hasara hiyo ikakatwa kwenye ujira wake. Akishindwa kuamua, omba kuonana na mwenye mahali.

Namna mgahawa unavyopokea lalamiko inaeleza zaidi kuliko chakula chenyewe. Kuna hoteli moja ndogo ya Mombasa, katika mitaa ya Mji wa Kale, ambako mbaazi zangu ziliungua chini na kuwa na harufu ya moshi. Kabla sijasema neno, mzee aliyekuwa kaunta aliona ninavyonusa kijiko, akaja mwenyewe, akaonja kwa kijiko kingine, akasema, "Samahani sana, mwanangu, hizi zimeshika," kisha akaamuru sufuria nzima iondolewe, na mteja aliyekuwa akipakuliwa nyuma yangu akaelezwa asubiri mahamri na chai. Alipoteza mauzo ya asubuhi hiyo. Mahali pengine, katika mji ambao sina haja ya kuutaja, meneja aliyeonyeshwa kipande cha kijiti cha kiberiti ndani ya mchuzi alijibu kwamba wengine wote wamekula na hawajasema, na akadai bili kamili. Ukikutana na jibu la namna hiyo, lipa ulichokunywa, eleza kwa utulivu kwamba chakula hukukila, piga picha ya sahani, na uondoke bila kugombana.

Iwapo umeumwa

Anayeharisha au kutapika baada ya kula nje anahitaji maji kwanza. Chumvichumvi za pakiti za ORS zinapatikana katika maduka ya dawa, na zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha unywe kidogo kidogo kila baada ya dakika chache. Usizidishe chumvi. Nenda kituo cha afya mara moja ukiona damu katika choo, ukiwa na homa kali, ukishindwa kubakiza maji tumboni, au ukiharisha maji mengi meupe mfululizo, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa dalili ya kipindupindu, na kipindupindu hukausha mwili kwa saa chache. Watoto wadogo, wajawazito na wazee wasisubiri dalili hizo.

Ukishapata nafuu, toa taarifa kwa afisa afya wa kata au wa manispaa, na kwa upande wa Kenya kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Hao ndio wenye mamlaka ya kukagua jiko, maji na vyeti vya afya vya wapishi, ambao wanatakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita. Mweleze ulikula nini, saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi, na kama mliokula pamoja wameumwa pia. Watu wawili walioagiza chakula kilekile na kuumwa siku moja humsaidia mkaguzi kuliko malalamiko makali ya mtu mmoja, na risiti au ujumbe wa malipo ulioko kwenye simu yako unathibitisha mahali na saa, hivyo usiufute mpaka amekwenda kukagua.